Uvimbe usio saratani kwenye uti wa mgongo, na kwa nini bado unahitaji kisu

Mamdogo wangu alianza kuacha kandambili njiani. Anatoka chumbani anaenda uani, ya mguu wa kushoto inabaki mlangoni na yeye anaendelea kutembea hana habari, mpaka mjukuu amwite "bibi, kiatu chako hiki huku". Nyumba zetu za Ngamiani hapa Tanga mnajua zilivyobanana, majirani wakaona hata kabla yetu. Sisi tukasema ni uzee, ingawa mama wa watu ana miaka 54 tu.

Kabla ya hapo alikuwa na maumivu ya mgongo zaidi ya mwaka mzima. Yanaanzia katikati, chini ya mabega, afu yanazunguka ubavuni mpaka mbele kama mtu aliyefungwa kibwebwe kikakazwa, na usiku ndo yanazidi. Amekunywa dawa za gesi, za vidonda vya tumbo, amechomwa sindano za baridi yabisi kwenye kizahanati kimoja hapa mjini, amekandwa na mafuta ya nyonyo, watoto wamemkanyaga mgongo, yote hayo anapata nafuu siku mbili tatu kisha yanarudi palepale.

Kilichotushtua ni udhu. Alfajiri akiinama kunawa uso, akifumba macho tu anayumba anataka kuanguka, akifumbua anatulia. Ikawa anatawadha mkono mmoja umeshika ukuta. Daktari wa Bombo, hospitali yetu ya mkoa, aliposikia hilo aliacha kuandika, akamwambia "mama simama, bana miguu, fumba macho", na kweli akayumba ikabidi nesi amdake. Baadaye nikaja kuelewa kwa nini yule daktari aliacha kalamu. Mwili unajua umesimamaje kwa kutumia macho, sikio la ndani, na taarifa zinazotoka kwenye nyayo na viungo zinapanda juu kupitia sehemu ya nyuma ya uti wa mgongo. Njia hiyo ikibanwa, macho yanabeba mzigo mkubwa, sasa ukiyafumba sikio la ndani peke yake halitoshi. Kipimo hiki kina jina la Romberg, daktari wa Ujerumani wa karne ya 19, na hakihitaji umeme wala mashine yoyote. Akamgonga goti kwa kinyundo, mguu ukaruka kupita kiasi. Akamkwaruza unyayo, dole gumba likanyanyuka kwenda juu badala ya kukunja kwenda chini, hicho nacho ni kipimo cha Babinski, Mfaransa, aliandika habari zake mwaka 1896. Dakika kumi hivi, na daktari alishajua shida haiko tumboni wala kwenye nyama za mgongo, iko kwenye uti wenyewe, maeneo ya kifuani.

Naandika haya kwa sababu majibu yalipotoka, kwamba ni uvimbe lakini si saratani, familia nzima tulishangilia na kuna waliosema basi arudi nyumbani, hamna haja ya kumchana mgongo mtu mzima. Hapo ndipo watu wengi wanapotea, na mimi nilikuwa karibu nipotee nao.

Neno "si saratani" linakuambia tabia ya uvimbe, kwamba haurukii ini wala mapafu na mara nyingi unakua polepole. Halikuambii umekaa wapi. Uvimbe wa mafuta mgongoni kwa nje unaweza ukakaa nao miaka 20 unaubonyeza tu. Ule wa ndani ya uti ni habari nyingine kabisa, maana pale nafasi hamna.

Mgongo una pingili 33 ukihesabu na zile za chini zilizoungana, saba za shingo, 12 za kifua, tano za kiuno, tano za nyonga na kama nne za kifandugu. Kila pingili ina tundu, ukizipanga unapata mfereji wa mfupa kuanzia kichwani, na ndani yake unapita ugwe mgongo, ule uzi mkuu wa mishipa ya fahamu. Ugwe kwa Kiswahili ni kamba nyembamba, na sisi watu wa mkonge kamba tunaijua, ila hii ni laini sana, ukiivuta haikusamehi. Kwa mtu mzima inaishia juu ya kiuno, pingili ya kwanza au ya pili, chini ya hapo yanabaki mafungu ya mishipa kama nyuzi za brashi. Imevikwa mfuko mgumu wenye maji ndani, na jozi 31 za mishipa zinatokea ubavuni kupitia vitundu kati ya pingili na pingili. Kifuani mfereji huo upana wake ni milimita 15 mpaka 17 hivi, na humo humo kuna ugwe, maji, mfuko na mishipa ya damu. Sasa kitu cha ukubwa wa punje ya korosho kikiota humo kitasukuma nini? Mfupa hausogei, kinachosogea ni ugwe, unabanwa kidogo kidogo mpaka unakuwa kama utepe.

Na kwa kuwa unabanwa taratibu, mwili unavumilia, unazoea, mtu anaona "nachoka tu miguu". Shwanoma kwa mfano, aina mojawapo ya vimbe hizi, ambayo ndiyo alikuwa nayo mamdogo, mara nyingi inakua milimita moja au mbili kwa mwaka. Maana yake alianza kuibeba miaka mingi kabla ya maumivu. Siku uvumilivu ukiisha mambo yanakwenda mbio, miezi michache tu mtu aliyekuwa anatembea sokoni anashikiliwa, kisha anashindwa kuzuia mkojo.

Majina ya vimbe hizi yanatisha ila ukijua zimeota kwenye nini zinaeleweka. Shwanoma inaota kwenye ganda linalofunika mshipa wa fahamu, jina limetokana na Theodor Schwann, Mjerumani aliyezielezea seli za hilo ganda. Inakaa pembeni ya mshipa, ina ngozi yake, kwa hiyo mara nyingi inabanduka nzima. Nyurofibroma ni ndugu yake lakini imejichanganya na nyuzi za mshipa wenyewe, na ukimkuta mtu anazo nyingi pamoja na madoa ya rangi ya kahawa mwilini tangu utotoni, hapo kuna ugonjwa wa kurithi na familia nzima inatakiwa iangaliwe. Meninjioma inaota kwenye ule mfuko, wanawake wa makamo ndo inawapata zaidi na mara nyingi ni hapohapo kifuani. Kuna za mifupa, kama osteoidi osteoma, hii ni ya vijana, kidude hakifiki hata sentimita mbili ila maumivu yake ya usiku hayasemeki, na ajabu akimeza aspirini yanatulia kabisa, wengine mgongo unapinda kwa ajili ya kukwepa maumivu. Kuna ganglionyuroma inayokaa mbele pembeni ya mgongo, kwenye kifua au tumboni, unaweza ukaikuta kwa bahati tu mtoto amepigwa eksirei ya kifua kwa ajili ya kikohozi.

Na kama ripoti yako imeandika hemanjioma ya pingili, punguza hofu kwanza. Hiyo ni mkusanyiko wa vimishipa vya damu ndani ya mfupa, watu wengi tu wanayo na wanazeeka nayo haijawahi kuwasumbua, chache sana ndo zinahitaji kutibiwa.

Ila hapa kwetu kabla ya kufika kwenye vimbe adimu kuna swali moja lazima liulizwe, na daktari aliuliza: mama, unakohoa? Umepungua? Unatoka jasho usiku? Kifua kikuu kinaingia kwenye mgongo, tena ni kitu cha zamani mno, Mwingereza Percivall Pott alikielezea mwaka 1779, na bado kipo. Chenyewe kinapenda kula pingili mbili zinazopakana pamoja na ile diski laini ya katikati yake, mgongo unavimba kibyongo. Dawa zake hapa Tanzania ni bure. Ukimpasua mtu wa TB ukidhani ni uvimbe umemkosea, na ukimpa mtu wa uvimbe dawa za TB miezi kadhaa huku miguu inakufa umemkosea vilevile. Ndo maana na hili la kukanyagwa mgongo na watoto mimi naliogopa siku hizi, huwezi kujua kama ule mfupa umeshaliwa ndani.

Basi tukapewa rufaa ya Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, wengine wa Tanga wanapelekwa hospitali ya KCMC Moshi. Karibu kilomita 350 mpaka Dar, mamdogo kakaa siti ya mbele na kila basi likisimama namuuliza kama anataka kujisaidia maana mkojo ulishaanza kumsumbua. MRI, kile kipimo cha picha kwa sumaku, ndiyo iliyotuonyesha. Eksirei inaona mfupa, CT inaona mfupa vizuri zaidi, lakini ugwe na maji na uvimbe ni MRI, na walimchoma dawa kwenye mshipa ili uvimbe ung'ae kwenye picha. Ulikuwa pingili ya nane ya kifua, umekaa kushoto, sehemu kubwa ndani ya mfereji na kipande kidogo kimechungulia nje kupitia kile kitundu cha mshipa, katikati kimebanwa na mfupa. Ukiutazama ni kama kibuyu kilichokazwa kiunoni. Vimbe za namna hii daktari anazipangia mapema, kwamba ataingilia nyuma peke yake au atahitaji na mwenzake wa upasuaji wa kifua aingilie pembeni, maana kuna nyingine kipande cha nje kinakuwa kikubwa kuliko cha ndani.

Si kila uvimbe unapasuliwa siku hiyohiyo. Mdogo, haubani ugwe, mgonjwa hana dalili, unaachwa unafuatiliwa kwa MRI ya kila baada ya muda, na hiyo si kutelekezwa. Kuna mwingine wa pembeni ya mgongo, paraganglioma, unaweza kumwaga homoni zinazopandisha presha vibaya, huu ukiudunga sindano kuchukua kinyama bila kujiandaa unaweza kumuua mtu mezani, kwa hiyo damu au mkojo unapimwa kwanza na mgonjwa anatumia dawa za presha maalumu kama wiki mbili kabla ya kisu. Lakini uvimbe unaobana ugwe na miguu inalegea, huo dawa ya kumeza hamna. Mionzi nayo kwa vimbe hizi zisizo saratani mara nyingi si chaguo la kwanza. Kisu ndo tiba.

Nilimuuliza yule daktari bingwa, "shikamoo daktari, atatembea?" Akanijibu kitu ambacho sijakisahau: miguu aliyokuja nayo siku ya upasuaji ndiyo inayosema mengi. Aliyeingia chumba cha upasuaji anatembea kwa kuyumba ana nafasi kubwa ya kurudi kutembea. Aliyeingia amebebwa, amepooza miezi, nafasi ni ndogo hata mpasuaji awe hodari namna gani, kwa sababu kisu kinaondoa uzito juu ya ugwe, hakirudishi nyuzi zilizokwisha kufa. Ule mwaka wa dawa za gesi ndo unaouma hapo.

Sasa wanafanyaje. Mgonjwa anapewa nusu kaputi, analazwa kifudifudi, na tumbo linaachwa lining'inie huru lisibanwe na kitanda. Nilidhani ni starehe tu, kumbe tumbo likibanwa damu inarudi nyuma inajaza mishipa ya kuzunguka uti, na pale pakivuja damu daktari haoni kitu. Kisha wanahesabu pingili kwa eksirei humohumo chumbani. Pingili za kifua zinafanana sana, na kufungua ya saba wakati uvimbe uko ya nane ni kosa linalojulikana duniani kote, kwa hiyo wanahesabu na kurudia. Wanachana ngozi katikati, wanasogeza misuli, wanatoa ule upande wa nyuma wa mfupa kama mtu anayeezua kipande cha paa. Hapo unaonekana mfuko. Wanausafisha, wanaleta hadubini, wanauchana kidogo kwa urefu na maji yanatoka, masafi kama ya kunywa.

Uvimbe wenyewe, daktari alituambia, ulikuwa wa manjano manjano unang'aa. Nikauliza si mnauvuta tu unatoka? Hapana. Ukiuvuta mzima unauegemeza kwenye ugwe, na ugwe hauvumilii kuegemewa. Wanatoboa ngozi ya uvimbe na kuukomba kutokea ndani, vilevile unavyokomba dafu, nyama inatoka na kaka linabaki. Likishakuwa tupu linajikunja lenyewe, linajitenga na ugwe bila kuusukuma, ndipo wanalibandua taratibu upande kwa upande. Sehemu nyingi wana mashine inayosikiliza mishipa wakati wote, waya ziko miguuni, umeme mdogo unapita, na wakitaka kukata kiuzi wanakigusa kwanza waone kama kinachezesha msuli. Ule mshipa ambao shwanoma imeota juu yake mara nyingi inabidi utolewe mzizi, na kwa kifuani mtu anabaki na ganzi sehemu ndogo ya ubavu tu. Shingoni au kiunoni hesabu ni nyingine, kule mishipa inapeleka nguvu mkononi na mguuni, kwa hiyo pengine daktari anaacha kipande cha uvimbe kwa makusudi ili mtu asipoteze mkono. Meninjioma nayo lazima washughulikie pale ilipoota kwenye mfuko, wapachome au wapakate, isije ikarudi.

Wakimaliza wanashona mfuko usivuje. Kama wametoa mfupa mwingi mpaka mgongo haushikiki wanafunga skrubu na vyuma. Mamdogo hakuhitaji, kifuani pameshikiliwa na mbavu. Masaa matano na nusu tulikaa nje kwenye benchi, tulishatoa damu juzi yake, na hakuna aliyekula.

Watu wanaulizana kama haya mambo ni mageni yaliyokuja na mashine. Sivyo. Uvimbe wa ndani ya uti ulitolewa London tarehe 9 Juni 1887, mpasuaji Victor Horsley, na aliyesema uko wapi alikuwa mwenzake William Gowers. Eksirei ilikuwa haijagunduliwa, imekuja 1895, kwa hiyo Gowers alitumia ngozi: ganzi imeishia wapi, mkanda wa maumivu uko ubavu wa ngapi, mguu upi umekufa. Mgonjwa alikuwa afisa wa jeshi, ameteseka miaka mitatu kwa madaktari wengi na kila mmoja ana lake, hawezi tena kutembea. Horsley alifungua akakuta hamna kitu, ikabidi atoe mfupa mwingine juu zaidi ndo akauona, umbo kama lozi. Yule afisa akaja kutembea. Mimi kila nikikumbuka udhu wa mamdogo na yule daktari wa Bombo aliyeacha kalamu namkumbuka Gowers, ni kazi ileile.

Baada ya upasuaji ndo kazi ya ndugu inaanza, na hapa tuwe wakweli wengi hatuambiwi. Mgonjwa analazwa kitanda kikiwa sawa, kichwa bila kunyanyuliwa, siku ya kwanza, ya pili, kadiri daktari atakavyosema. Akikaa kitako na kichwa kikamuuma sana, akilala kinapoa, au bandeji ikilowa maji meupe yasiyo damu, mwite nesi palepale, huenda mfuko unavuja na hayo maji ni mlango wa maambukizi kwenda kichwani. Mtu mwenye ganzi hajui kama matako yanaungua kwa kulaliwa, kwa hiyo tulikuwa tunamgeuza kila masaa mawili, usiku na mchana, mimi na dada yangu tunapokezana na alamu ya simu. Vidonda vya kulalia vinaua watu ambao kisu hakikuwaua. Mpira wa mkojo haukai mpaka watu wausahau, uulizeni kila siku unatoka lini. Na fizioterapia isiachwe mkirudi nyumbani eti kwa sababu mgonjwa anaona uchungu, miguu inafundishwa upya.

Kilichoondoka kwanza ni kile kibwebwe, usiku wa pili tu alilala mpaka asubuhi, analia anasema mwanangu sijalala hivi mwaka na nusu. Miguu ilichelewa. Wiki ya tatu alikuwa anatembea na fremu, mwezi wa nne fimbo. Mkojo ndo ulikuwa wa mwisho kutulia. Majibu ya maabara yalithibitisha shwanoma, imetoka yote, na ikitoka yote uwezekano wa kurudi ni mdogo lakini MRI ya kufuatilia ipo, ya kwanza miezi michache baada ya kisu kisha daktari anapanga.

Sasa hivi anatawadha mwenyewe, ukuta hashiki, ila amehamisha kopo la maji kwenye kistuli ili asiiname sana. Chini ya titi la kushoto kuna sehemu pana kama kiganja haisikii kitu, ndipo ulipokuwa ule mzizi uliokatwa. Juzi alimwagikiwa na chai hapo wala hakujua mpaka alipoona kanga imelowa. Kandambili amenunua mpya zenye mkanda wa nyuma, na ya kushoto bado anaitazama kila akivuka kizingiti.